Dawa ya Mafua Iliyo Nyuma ya Kaunta: Jinsi ya Kuinunua Marekani Bila Kukwama

Habari za jioni, ndugu zangu. Wazee wetu, shikamooni. Waliotoka Uvira, Bukavu na Bujumbura, waliotoka Kigoma na Mombasa, na nyinyi vijana mliozaliwa hapa hapa Kentucky, karibuni nyote.

Mada ya leo ni ndogo kwa kuitaja, lakini kila msimu wa baridi inatusumbua: dawa ya kuzibua pua. Kwetu mtu akishikwa na mafua huingia duka la dawa, hueleza shida yake, akapewa vidonge na kuondoka. Hapa unaingia duka kubwa, unakuta rafu nzima imejaa maboksi ya mafua, na ile dawa yenyewe inayozibua pua haimo. Iko nyuma ya kaunta ya mfamasia. Ukiiomba unadaiwa kitambulisho, jina lako linaingizwa kwenye kompyuta, unatia saini. Wengi wakiona hivyo hudhani dawa hiyo ni ya hatari sana, au ni ya raia peke yao, au haitolewi bila cheti cha daktari. Yote matatu si kweli. Basi mtu anarudi rafuni, anachukua boksi lisilodai maswali, na boksi hilo mara nyingi halimsaidii pua hata kidogo. Nataka tukitoka hapa kila mmoja ajue kuiomba dawa hii, ajue kiasi anachoruhusiwa, na ajue nani hapaswi kuimeza.

Tuanze na dawa yenyewe. Inaitwa sudoefedrini. Kwenye boksi jina lake la Kiingereza huanza kwa herufi P, S, E, U, D, O. Hubana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua, hewa ikapata njia. Tatizo ni kwamba molekuli yake inafanana mno na ya methamfetamini, dawa ya kulevya iliyoharibu miji mingi ya Marekani. Zinatofautiana kwa atomu moja tu ya oksijeni. Wapishi wa dawa hizo za kulevya walikuwa wakinunua vidonge vya mafua kwa mamia, madukani, kwa bei halali, wakaenda kuvigeuza majumbani, motelini na ndani ya magari. Moto ulizuka, watoto waliungua, na nyumba zilibaki na sumu ukutani.

Jimbo la Oklahoma lilitangulia mwaka 2004 kuvitoa vidonge hivyo rafuni. Serikali kuu ikafuata. Tarehe 9 Machi 2006 Rais George W. Bush alitia saini sheria inayobana mauzo ya sudoefedrini nchi nzima, ikiwa ndani ya sheria pana ya kupambana na ugaidi. Vipimo vya kiasi vilianza Aprili mwaka huo, na kufikia tarehe 30 Septemba 2006 kila duka lilipaswa kuwa limeihamishia dawa nyuma ya kaunta au kwenye kabati lenye kufuli. Vidonge navyo vinafungwa kwenye karatasi ngumu ya kubonyeza, na kila kijumba hakizidishi vidonge viwili. Kwa hiyo ukiona unabonyeza kidonge kimoja kimoja kwa taabu, ujue ni sheria.

Sasa kaunta yenyewe. Kwenye rafu ya mafua, katikati ya maboksi, utaona vikadi vya karatasi vyenye picha ya dawa, na maandishi yanayokuambia umpelekee mfamasia. Kikadi hicho ndicho dawa yako. Kichukue ukipeleke kaunta. Hata asiyejua Kiingereza atahudumiwa kwa kukinyoosha tu pamoja na kitambulisho. Angalia saa pia. Kaunta ya famasia hufungwa kabla ya duka lenyewe, na ikishafungwa, muuzaji wa mbele hana ufunguo. Mtu anatoka kazi ya zamu ya jioni saa nne usiku, duka liko wazi, taa zinawaka, na dawa hapati. Nunua kabla ya zamu.

Kitambulisho kinachopita bila maneno ni leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Sheria ya serikali kuu inakubali pia kadi ya ukaazi wa kudumu na kadi ya kibali cha kazi yenye picha. Pasipoti ya nchi ya nyumbani ikiwa peke yake, bila muhuri au karatasi ya uhamiaji ya kuambatana nayo, inaweza kukataliwa, na mfamasia hatakuwa amekuonea. Hakuna sharti la uraia. Rudieni hilo majumbani, kwa sababu wapo watu wanaogopa kuiomba dawa hii wakidhani wataulizwa karatasi zao za uhamiaji. Kinachotafutwa ni picha, jina na tarehe ya kuzaliwa.

Mfamasia ataandika au ataskani jina lako, anwani yako, jina la dawa, kiasi, tarehe na saa. Wewe unatia saini. Kumbukumbu hiyo inatunzwa kwa muda usiopungua miaka miwili. Kwenye daftari au kwenye skrini kuna onyo ambalo wengi hawalisomi: kutoa habari za uongo ni kosa la serikali kuu, na adhabu yake inaweza kufika faini ya dola 250,000 na kifungo cha miaka mitano. Kwa hiyo usitumie kitambulisho cha ndugu yako hata kama mnafanana sura. Kama anwani ya kwenye leseni ni ya zamani kwa sababu ulihama, mwambie mfamasia anwani ya sasa.

Upo msamaha mdogo. Kipakiti kimoja chenye miligramu 60 au pungufu, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, hakihitaji kuandikishwa. Baadhi ya vituo vya mafuta huviuza. Ni vya kukusukuma usiku mmoja, navyo pia havikai mahali pa kujichukulia.

Tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo inayowakwamisha watu wengi. Sheria ya serikali kuu inaruhusu gramu 3.6 kwa siku, na gramu 9 kwa siku 30. Siku 30 hizo si mwezi wa kalenda. Tarehe mosi haifuti kitu. Mfumo unahesabu kurudi nyuma kuanzia saa ile uliyosimama kaunta.

Halafu, uzito ulioandikwa kwenye boksi si ule unaohesabiwa na sheria ya serikali kuu. Kidonge cha miligramu 30 kina sudoefedrini iliyofungamana na chumvi, na sheria inahesabu sudoefedrini tupu, ambayo hapo ni miligramu 24.6. Kwa vidonge vya miligramu 30, gramu 3.6 ni vidonge 146. Kwa vile vya miligramu 120, vinavyofanya kazi saa 12, ni vidonge 36. Chukua boksi la vidonge 20 vya saa 12. Lina gramu 1.97 kwa hesabu ya sheria. Boksi mbili ni gramu 3.93. Umeshapita 3.6! Mfumo utakataa boksi la pili siku hiyo hiyo, ingawa wewe machoni unaona maboksi mawili madogo tu. Boksi moja la 20 pamoja na moja la 10 yanapita, maana jumla ni gramu 2.95.

Hiyo ni serikali kuu. Majimbo yanaruhusiwa kubana zaidi, na mengi yamebana. Hapa Kentucky kikomo ni gramu 7.2 kwa siku 30, na gramu 24 kwa mwaka. Ukitaka zaidi unahitaji cheti cha daktari. Jirani zetu wa Tennessee wana gramu 5.76 kwa siku 30 na 28.8 kwa mwaka. Minnesota, waliko ndugu zetu wengi, ni gramu 6 kwa siku 30. Kwa hiyo aliyehama jimbo asije na hesabu za alikotoka.

Gramu 7.2 zinatosha nini? Mtu mzima hatakiwi kuzidisha miligramu 240 kwa siku. Mara siku 30, unapata 7,200, yaani gramu 7.2 kamili kwa uzito ulioandikwa kwenye boksi. Kikomo cha siku 30 kinamtosha mtu mzima mmoja anayemeza dozi nzima kila siku. Mafua ya kawaida ni wiki moja au mbili, hayafiki huko. Wanaokwama ni wenye mzio wa chavua, na bonde la Ohio linajulikana kwa chavua. Hao wanatumia dawa ya mzio yenye herufi D mwishoni mwa jina, kama Claritin-D, Zyrtec-D au Allegra-D. Ile D ni sudoefedrini iliyoongezwa. Ukimeza dozi nzima kila siku kuanzia Machi, gramu 24 za mwaka zitakwisha baada ya miezi mitatu au minne hivi ya matumizi, na mafua ya Novemba yatakukuta huna nafasi. Jambo la busara ni kwenda kwa daktari mapema akuandikie cheti. Dawa iliyoandikwa na daktari haiingii kwenye kikomo cha mauzo ya kaunta.

Familia nazo zina kosa lao. Baba ndiye mwenye gari na leseni, basi yeye ndiye ananunulia nyumba nzima. Watu wazima wawili wakiumwa pamoja, kila kitu kinaandikwa kwa jina la baba. Mama naye ana kitambulisho. Aende mwenyewe kaunta, anunue kwa jina lake.

Ukikataliwa, usigombane na mfamasia. Anayekataa ni mfumo unaoitwa NPLEx, unaounganisha maduka ya majimbo mengi kwa wakati huo huo. Ukinunua Lexington asubuhi, famasia ya Louisville inaona mchana. Mfamasia hupata alama ya kukataa bila kuonyeshwa ulinunua wapi na lini. Muombe namba ya muamala uliokataliwa. Kwa namba hiyo unaweza kuuliza wenye mfumo kwa nini. Na sisi tunayo sababu ya pekee ya kuuliza. Wakimbizi wengi walipoandikishwa kambini waliwekewa tarehe mosi Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Ukiwa na watu wawili wenye jina linalofanana na wote wamezaliwa 1/1 mwaka mmoja, kumbukumbu zao zinaweza kuchanganyika. Majina yetu matatu nayo huandikwa kwa mpangilio tofauti kila ofisi. Hakikisha jina linaandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kila unaponunua.

Sasa nasema na vijana hasa. Mtu akikufuata nje ya duka akakuambia, ndugu yangu, ingia dukani uninunulie boksi moja, nitakupa dola 50, ondoka. Boksi lenyewe haliuzwi hata nusu ya bei hiyo, sasa hizo 50 ni za nini? Wapishi wa dawa za kulevya walipobanwa na sheria waliunda mtandao wa wanunuzi wadogo wadogo, kila mmoja na kitambulisho chake. Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu ni lako. Kununua kwa makusudi zaidi ya gramu 9 ndani ya siku 30 ni kosa la jinai la serikali kuu, na kumnunulia mtu unayejua anaenda kupika ni kosa kubwa zaidi. Kwa asiye raia, hukumu ya namna hiyo inaweza kugusa kesi yake ya ukaazi. Hapo hata wakili mzuri atapata kazi.

Narudi kwenye rafu. Hii ndiyo sehemu inayoniuma. Dawa nzuri ilipohamishiwa nyuma ya kaunta, viwanda havikutaka rafu ibaki tupu. Vikaweka dawa nyingine, fenilefrini, ambayo kwenye boksi huanza kwa herufi P, H, E, N. Boksi likabaki na rangi zile zile na karibu jina lile lile: Sudafed ni ya kaunta, Sudafed PE ni ya rafuni. Shida ni kwamba fenilefrini ikimezwa huvunjwavunjwa kwa wingi kwenye utumbo na ini kabla haijafika kwenye damu. Kinachobaki hakitoshi kufanya kazi puani. Wafamasia wa Chuo Kikuu cha Florida, akina Leslie Hendeles na Randy Hatton, waliipelekea FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ombi juu ya jambo hili mwaka 2007, wakarudia mwaka 2015. Ndipo Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA likapiga kura: 16 kwa sifuri, kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachouzwa, haizibui pua. Novemba 2024 FDA yenyewe ikapendekeza iondolewe. Lilikuwa pendekezo, si amri ya kuzitoa dawa rafuni siku hiyo hiyo.

Hesabuni wenyewe miaka hiyo tangu 2006. Watu wa kipato kidogo, wasio na kitambulisho, wasiojua kuuliza kwa Kiingereza, ndio waliotoa pesa zao kwa boksi lisilofanya kitu. Mwenye leseni na lugha alikwenda kaunta akapata dawa. Serikali iliyofunga dawa moja kwa ufunguo ilikuwa na wajibu wa kuipima vizuri ile iliyochukua nafasi yake, na haikufanya hivyo kwa wakati.

Je, sheria ilizuia methamfetamini? Ilisaidia kwa kiasi. Mwaka 2004 matukio ya maabara za kienyeji yalivuka 20,000 nchini. Kufikia 2007 yalikuwa yameshuka chini ya nusu. Kisha wapishi wakajifunza kupika kidogo kidogo na kutumia wanunuzi wengi, na kufikia 2010 idadi ilikuwa imepanda tena sana. Wakati huo huo makundi ya Mexico yalikuwa yakizalisha kwa wingi, na nchi hiyo ilipoibana sudoefedrini, yakahamia kwenye kemikali nyingine isiyotoka kwenye kidonge cha mafua. Oregon ilidai cheti cha daktari tangu 2006 na Mississippi tangu 2010. Yote mawili yaliacha sharti hilo kuanzia Januari 2022. Kwa maoni yangu kaunta na kitambulisho ni mzigo unaobebeka, maana mtoto mmoja asiyeungua ni faida. Kudai cheti cha daktari kwa mafua katika nchi ambayo watu hawana bima, huko ni kumwadhibu mgonjwa.

Kabla ya maswali, jambo la usalama. Sudoefedrini hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, ugonjwa mkali wa figo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba asiimeze bila kumuuliza daktari. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI asiiguse kabisa, wala ndani ya wiki mbili tangu aziache. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe. Usiimeze karibu na saa za kulala, itakunyima usingizi. Na tazama dawa zilizochanganywa: nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, ile ile ya Panadol, ambayo hapa huuzwa kwa jina la Tylenol. Ukimeza dawa ya mafua kisha ukaongeza Tylenol kwa sababu ya kichwa, umemeza mara mbili. Mtu mzima asipite miligramu 4,000 kwa siku, ini halivumilii.

Maswali. Bibi mmoja hapa anauliza dawa ya kikohozi mbona kijana wake alinyimwa. Hiyo ni dawa nyingine, dekstromethofani, na sheria yake ni ya umri. Majimbo mengi hayaruhusu iuzwe kwa walio chini ya miaka 18. California ilitangulia mwaka 2012. Vijana huinywa kupita kiasi ili walewe. Mzazi aende mwenyewe.

Mzee anauliza: mimi nina presha, pua imeziba, nifanye nini? Shikamoo mzee. Anza na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja. Yachemshe kwa dakika nzima yakitokota, yapoe, au nunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayoandikwa distilled kwenye chupa. Yakishindwa, ipo dawa ya kupuliza puani iitwayo fluticasone, haihitaji kitambulisho, lakini inachukua siku kadhaa kufanya kazi vizuri, usiiache siku ya pili. Ile ya kupuliza inayozibua papo hapo, Afrin, muulize mfamasia kwanza kwa ajili ya presha yako, na hata akikubali usipitishe siku tatu, maana baada ya hapo pua huziba zaidi kila unapoiacha. Mchukulie mfamasia chupa zako zote za dawa ya presha kwenye mfuko, umwekee kaunta, azisome mwenyewe. Ushauri huo haulipiwi.